Sheria Mpya ya Rashasha

Jumamosi alasiri, Barnabas asipokuwa na zamu, sebule yake katika mtaa wa Bordesley Green iligeuka uwanja wa vita. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Alieleza mji uliotekwa na majambazi waliojificha ghalani. Wenzake watatu wakasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu zikaamua. Kendi, muuguzi mwenzake, aliigiza daktari. Ivan, mwanafunzi wa chuo, aliigiza mwizi. Mzee Kewal, fundi mstaafu aliyezaliwa Nakuru, aliigiza mlinzi mwenye bunduki ya rashasha.

Hiyo rashasha ndiyo iliyoleta shida. Kitabu cha mchezo kilitaka kila risasi irushiwe dadu yake, kisha zote zijumlishwe. Mzee Kewal alifyatua kumi kila mara, hata kwa adui mmoja, nao walimcheka kwa hilo. Dadu kumi zilimwagika mezani, naye akazijumlisha kwa sauti, kidole kikigusa moja baada ya nyingine.

"Tatu... na tano, nane. Nane na sita..."

Hapo alikwama. Midomo ilicheza, neno halikuja. Ivan alichungulia simu. Kendi alikwenda kuchemsha chai, akarudi, mzee bado yuko kwenye ishirini na mbili.

Barnabas alijua kwamba mwaka uliotangulia mzee alikuwa amepata kiharusi. Tena wodi aliyofanyia kazi ilikuwa ya wagonjwa wa namna hiyo. Lakini Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupumzika, na macho ya kazini aliyaacha kazini.

Jumamosi moja akatoa karatasi aliyoichapa vizuri.

"Tuna sheria yetu wenyewe sasa," akasema. "Rashasha inarushiwa dadu moja. Ukipita alama inayotakiwa kwa mbili, risasi mbili zimempata adui. Kwa tatu, tatu. Basi."

Ivan akapiga makofi. Mzee Kewal akaishika karatasi kwa muda mrefu.

"Moja tu?"

"Moja tu, Mzee. Tutakwenda haraka."

"Sawa. Wewe ndiye msimulizi."

Pambano la siku hiyo liliisha kwa dakika kumi. Jumamosi iliyofuata mzee hakuja, wala ile ya baadaye. Barnabas alipomtumia ujumbe, alijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Mwezi ukapita ndipo akakutana na Sapna, binti wa mzee, nje ya duka moja mtaani Harborne.

"Baba hajambo?"

"Hajambo, kaka. Ila amerudia kunyamaza." Sapna akahamisha mfuko mkono wa pili. "Aliambiwa ahesabu kwa sauti kila siku, ili maneno yamrudie. Nyumbani anaona aibu. Kwenu tu ndiko alikokuwa anakubali."

Barnabas akakumbuka wodi yake. Mazoezi hayo hayo aliwahimiza wagonjwa wake kila asubuhi, na hakuwahi kumkatiza hata mmoja.

Kesho yake akaenda kuomba radhi. "Nisamehe, Mzee. Mimi ndiye niliyepaswa kuona."

Mzee Kewal alimtazama kwa upole. "Ulichoka," akasema polepole. "Mtu... huchoka."

Barnabas alitamani angegombezwa.

Sheria ya zamani ikarudishwa, na mzee akaja mara mbili. Lakini sasa wote walikuwa wanajua kwa nini anahesabu kwa sauti. Kendi aliitikia kwa kichwa kila tarakimu kama mwalimu wa chekechea. Ivan alikuwa ameficha simu, amekaa wima kama yuko kanisani. Mara ya pili mzee alifika kumi na tisa, akakwama, akainua macho, akaona nyuso tatu zimemkodolea. Akazikusanya dadu zake.

"Mnanisubiri," akasema.

Barnabas alimsindikiza hadi kwenye gari la Sapna. Alikuwa na mengi ya kusema, akaishia kuzungumzia mvua. Mwezi wa tisa mzee alihamia Leicester kwa mwanawe mkubwa, Davinder. Barnabas hakuagwa; habari aliletewa na Kendi, wakati wa kubadilishana zamu.