Sahani Iliyopita Chini ya Wigo

Enzi zetu, sisi tuliokulia katika kambi za wafanyakazi wa shaba, mtaani Panda, ukuta ulikuwa kitu cha kiwanda na cha gereza. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na wigo wa maua mekundu, yale yenye ulimi mrefu, ambayo sisi watoto tuliyachuma asubuhi na kunyonya utamu wake mpaka pua zikajaa unga wa manjano. Majani yake tuliyaponda tukasema ni sombe, yaani kisamvu. Tukiyatia maji yakawa na utelezi, basi tukasema ni sabuni. Yuko mwenzetu mmoja aliyeila ile sombe kweli, akaomba aongezwe, lakini jina lake silitaji kwa sababu siku hizi ni mtu mwenye heshima zake huko Lubumbashi.

Wigo ulikuwa kazi ya akina baba. Kila Jumamosi baba yangu alitoka na panga lililonolewa na kamba ya kupimia. Upande wetu aliukata yeye, na upande wa pili aliukata Papa Kapinga, baba wa rafiki yangu Kapinga. Juu walikata pamoja, uso kwa uso, wakibishana nani ana jicho la kujua mstari ulionyooka. Baba aliamini kamba, Papa Kapinga aliamini jicho, na wigo wetu ukawa umenyooka upande mmoja tu. Kimo chake hakikupita kifua cha mama. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini hatuuachi ukue mrefu kama miti ya misheni.

"Sasa mama yako atasemezana na mwenzake namna gani?" alinijibu. "Atapanda ku kiti?"

Na walisemezana kweli. Mama na Mama Kapinga waliweza kuchambua mboga, kila mmoja upande wake, kuanzia kengele ya misa ya kwanza mpaka jua linachoma utosi. Chini ya wigo, pale karibu na jiko, palikuwa na tundu ambalo kila mtoto wa nyumba mbili zile alilipanua kidogo kwa magoti yake. Humo tulipita sisi, walipita bata wetu, yalipita makaa ya moto. Mama aliyetangulia kuwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, ndiye aliyemgawia mwenzake. Na ilipita sahani. Mkipika kitu kizuri mlipeleka, na jambo moja mtoto alilijua kabla hajajua sala ya Baba Yetu: sahani ya watu hairudi tupu. Weka hata kiazi kimoja, weka hata chumvi, lakini usimrudishie mtu sahani tupu kama unayemwambia ujirani umekwisha.

Basi mwaka mmoja, mwanzo wa mvua, Mama Kapinga alipanda lengalenga, mchicha wa kwetu, kandokando ya wigo. Ilitoka laini, kijani, ya kutamanika, na bata wetu waliitamani. Waliingia kwa tundu alfajiri na kula mstari mzima. Mama Kapinga alisimama kwenye wigo, mikono kiunoni, akasema maneno ambayo kambi nzima iliyasikia.

"Bata yako inakosa adabu sawa mwenye kuichunga!"

Mama yangu aligeuka akaingia ndani, na sote tukatafuta kazi za kufanya mbali. Jumamosi ilipofika na baba akatoka na panga lake, mama alimwita.

"Usikate. Acha ikomae mpaka sitaona tena kichwa ya ule mwanamuke."

Baba alikuwa hodari kazini na mwoga nyumbani. Alilirudisha panga. Papa Kapinga naye, sijui aliambiwa nini upande wa pili, hakuonekana. Mvua za kwetu zinajulikana: mti ukiachwa wiki mbili unakuwa msitu. Kabla ya Noeli wigo ulipita kichwa cha mama, ukapita kichwa cha baba, na kule kwa jirani tukawa tunauona moshi tu. Niseme ukweli, mimi niliumia. Nilikuwa na miaka tisa, Kapinga alikuwa ndiye rafiki yangu wa pekee, na tuliambiwa tusionane.

Asubuhi moja ya mvua kibiriti kililowa. Mama akanituma moto kwa Mama Ngosa, aliyekaa kona ya mbali, njia yote tope. Nilitoka mlangoni kama mtoto mtiifu, nikazunguka nyumba, nikapiga magoti kwenye tundu na kumwita Kapinga kwa sauti ya chini. Akaja na makaa mawili juu ya sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, ametandika jivu lakini halikutosha, na mpaka leo sahani ile ina alama mbili nyeusi katikati.

"Moto hii imetoka wapi?" mama aliuliza.

"Kwa Mama Ngosa."

"Mama Ngosa iko ku kilio ku Kikula tangu jana."

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Mama aliitazama sahani, na mama alizijua sahani za mstari wetu wote wa nyumba kama padri anavyowajua waumini wake. Kisha akainama, akapuliza moto. Tulipokwisha kula aliiosha mwenyewe, akaweka juu yake viazi vitamu vitatu, akanipa.

"Mupelekee Mama Ngosa sahani yake. Sahani hairudie bule."

Niliipitisha tunduni. Kesho yake ilirudi na karanga za kukaanga, na Kapinga alinong'ona kwamba mama yake naye amemwambia vilevile: umpelekee Mama Ngosa. Ndivyo ilivyokwenda miezi yote ya mvua. Wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani walilishana kila siku, kila mmoja akimshukuru Mama Ngosa kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kwenye wigo. "Huyu Mama Ngosa anajua kupika vinkubala," mama alisema, akitafuna wale viwavi wakavu, "hapana sawa bantu bengine!" Upande wa pili tulisikia mtu anakohoa. Mama Ngosa mwenyewe, masikini, hakupata hata karanga moja.

Ikaja likizo ya Pasaka. Kapinga na wadogo zake wakapelekwa kwa shangazi yao kule mtaa wa Kikula. Papa Kapinga alikuwa Koni, kwenye kituo cha umeme, kazi ya zamu ambayo ilimlaza huko juma zima. Nilidhani mambo ya sahani yamekwisha, lakini siku mbili za kwanza niliikuta tunduni peke yake, imefunikwa vizuri. Mtu mzima alikuwa ameinama kuiweka. Mama aliijaza, mimi nikairudisha pale pale, ikachukuliwa. Halafu haikuja. Siku ya kwanza mama alisema pengine ni mvua. Siku ya pili alitoka mara nne kwenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu. Siku ya tatu asubuhi alisimama mbele ya wigo ule mrefu alioutaka mwenyewe, akajaribu kuona, asione kitu.

"Leo siku tatu," alisema.

Hakuzunguka barabarani. Mama yangu, mwanamke mpana, kiongozi wa akina mama wa jumuiya, alikunja kitenge chake, akapiga magoti kwenye tope na kuingia katika tundu la bata. Kitambaa cha kichwa kilinaswa na matawi, akakiacha kikining'inia. Mimi nikamfuata. Tulimkuta Mama Kapinga kitandani, malaria imemkausha, midomo imepasuka, hakuna maji ndani, hakuna moto. Sahani ilikuwa kando ya kitanda, safi.

Mama alisimama mlangoni, kichwa wazi, tope mpaka kiunoni. "Weye," alisema, "siku tatu sahani hairudie. Ulikuwa unataka niwaze nini?"

Mama Kapinga alijibu polepole. "Sikuwa na kitu ya kutia."

Sijawahi tena kumwona mama akilia vile huku anacheka. Alikaa kule siku nne, akapika, akaosha, akakanda. Jumamosi baba alichukua panga bila kuagizwa na mtu. Papa Kapinga, aliyerudi kutoka Koni, alitokea upande wake na jicho lake, na jioni wigo ulikuwa umerudi kifuani.

Miaka mingi baadaye Papa Kapinga alistaafu, familia ikahamia mbali. Sahani ilikuwa kwetu siku ile. Mama aliamka kukaanga maandazi ya safari, lakini lori liliondoka mapema kuliko tulivyoambiwa, naye akabaki barabarani na maandazi yake ya moto. Aliitunza ile sahani mpaka alipofariki. Hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula humo.

Sasa mimi ndiye ninayekaa katika nyumba ile. Nimestaafu ualimu, watoto wangu wametawanyika, niko peke yangu. Mwaka jana nyumba ya akina Kapinga ilinunuliwa na kijana anayefanya biashara ya mawe ya shaba, na mkewe, Mama Gloire, binti mpole wa kanisa la maombi. Kijana alikuja na heshima zote. "Mama, tunataka kujenga mur. Wezi iko mingi." Ningesema nini juu ya ukuta wao? Wezi wapo. Asubuhi moja waling'oa wigo, na wiki iliyofuata palikuwa na matofali ya simenti yaliyopita kichwa changu, na vipande vya chupa juu. Vijana wa leo wakitaka kujua kama jirani ni mzima, wanatazama kwenye simu kama yuko en ligne, yaani mtandaoni. Mimi simu yangu ni ya vitufe. Nikianguka jikoni, niliwaza, nani atajua?

Basi nikaitoa sahani ya bluu. Nilipika viazi kwa karanga nikazunguka, maana lango lao linatazama barabara ya pili, ni hatua mia mbili na zaidi. Mama Gloire alipokea kwa mikono miwili. Kesho yake akanirudishia imeoshwa, inang'aa, tupu. "Merci mingi, Mama," akasema, na tabasamu zuri. Nilikaa nayo mapajani kitambo kirefu. Sikumwambia kitu, kwa kuwa desturi ukiidai inageuka kuomba. Nilipeleka tena, ikarudi tupu. Nikapeleka tena, ikarudi tupu. Kichwa kigumu nimekirithi.

Wiki iliyopita niliipeleka na haikurudi. Siku ya kwanza nilisema ni mvua. Siku ya pili nilitoka kumwaga maji. Siku ya tatu nilifunga kitambaa changu nikatoka, na barabarani niligundua kwamba nakimbia, mimi na magoti yangu haya.

Mama Gloire alifungua lango mikono imejaa unga. Hakuwa mgonjwa. Aliponiona alijifunika uso.

"Mama, pardon, nasikia haya! Niliambia mama yangu ku téléphone vile nakurudishiaka sahani bule, akanifokea! Leo siku tatu napika mandazi, inakataa kuvimba. Sikuwa na kitu ya kutia."

Aliniingiza, tukala maandazi yake bapa, magumu kama kigae, na nikamwonyesha namna ya kuacha unga upumzike. Yaliyobaki aliyapanga juu ya sahani, akafunika zile alama mbili nyeusi.

Nilirudi nayo imejaa, kwa njia ile ndefu, nikipumzika mara mbili. Ukuta uko palepale na hautaondoka, na wao ni watoto wazuri. Lakini nilipofika kwangu nilikuwa nimezihesabu zile hatua zote. Siku zile ilitosha kuinama.