Jibini la Kula, Jibini la Kuuza

Nilikuwa nimefika kwa kondoo wa ishirini na nane, ndoo nimeibana kwa magoti, nilipomsikia shemeji yangu Pantelei akisema huko barazani, "Huyo? Hafanyi kazi. Yupo tu nyumbani."

Aliyekuwa akiambiwa ni Domnica, mama wa mjini aliyetumwa na ofisi ya takwimu. Nyumba yetu ilikuwa imechaguliwa na mashine, kama bahati nasibu. Angekuja Aprili ile na Julai, angeruka vuli na baridi, kisha angerudi mara mbili tena mwaka wa pili. Kila mtu mzima wa nyumba aliulizwa kazi aliyofanya wiki iliyopita, na asiyekuwepo, ndugu alijibu kwa niaba yake. Mimi nilijibiwa na ndugu kwa sababu nilikuwa zizini nakamua.

Niliolewa nyumba ile nikiwa na elimu ya darasa la tano. Mume wangu Simion alikwenda Urusi kujenga maghorofa, akaanguka, wakamrudisha ndani ya sanduku. Mtoto hatukujaliwa. Nyumba iliandikwa jina la Pantelei, mdogo wake, nami nikabaki humo miaka kumi na tisa. Mama mkwe nilimwogesha mpaka siku anakufa. Kondoo arobaini ni wangu kuwakamua, mizabibu ni yangu kuipogoa, na kila vuli mapipa ya kabichi za chumvi ni yangu kuyajaza. Raisa, mke wa Pantelei, anaumwa mgongo tangu siku ya harusi yake. Wageni wakija, Pantelei huwaambia, "Mjane wa kaka. Tunamlisha."

Hayo niliyazoea. Lakini neno lile kuingia kwenye karatasi ya serikali, hapana. Nilimfuata Domnica hadi langoni, mikono ikinuka maziwa, nikamuuliza kama linaweza kufutwa. Akasema la leo limeshapita, ila Julai nikae mwenyewe mezani, maana mtu akiwepo hajibiwi na mwingine.

Nikasubiri miezi mitatu. Watu walidhani nangoja pensheni itoke kwenye karatasi ile. Nilijua haitoki. Nilitaka mahali pamoja tu hapa duniani paandikwe kwamba Agripina alifanya kazi.

Siku ilipofika niliwaacha kondoo bila kuwakamua. Nikanawa, nikajifunga kitambaa cha kanisani, nikaketi.

"Leo sikukuu ya mtakatifu gani, shemeji?" Pantelei akauliza. Raisa akacheka, mkono kiunoni.

Domnica akafungua kishikwambi chake. "Mama Agripina, wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja?"

"Saa moja?"

"Hata moja tu inatosha."

"Nilifanya tisini."

"Za malipo?"

"Sijalipwa tangu nizaliwe."

"Na unapokula ni wapi?" akadakia Raisa.

Domnica hakumjali. Akanieleza polepole kwamba hata asiyelipwa huhesabiwa kuwa kazini, mradi anasaidia katika biashara ya jamaa yake. Ila ni lazima ajue: jibini tunalotengeneza, sehemu kubwa ni ya kuuza au ya kula wenyewe? Zamani ilitosha kuwa na jembe mkononi, mtu akaandikwa yuko kazini. Sasa nchi imefuata kipimo cha dunia nzima ili hesabu zetu zilingane na za wengine, na anayelima au kufuga kwa ajili ya tumbo la nyumba yake hahesabiwi tena pamoja na wenye kazi.

"Ya kula," akasema Pantelei.

"Jibini la kondoo arobaini?" Domnica akauliza.

"Tunapenda jibini."

Kijiji kizima kinajua gari lake linavyoinama nyuma kila Jumamosi likienda sokoni. Domnica akamwambia majibu ni siri, watu wa kodi hawayaoni. Pantelei akatabasamu. "Mama, serikali ina mikono kumi lakini tumbo lake ni moja."

Domnica akanigeukia. Hapo ndipo nilipoelewa nilipokalia. Jibini likiwa la kula, mimi si kitu. Likiwa la kuuza, mimi ni mfanyakazi, na mwenye nyumba ni mwongo, na nimemwita mwongo mezani pake.

"Andika la kuuza," nikasema. "Ndoo sita kila Jumamosi. Kwetu hubaki moja."

Domnica akagusa kioo mara mbili kwa kidole. "Nimekuandika. Uko kazini, msaidizi wa familia asiyelipwa."

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Nilikuwa mtu mzima, lakini niliona haya jinsi maneno yale yalivyonipendeza.

Pantelei alingoja vumbi la gari la Domnica litulie. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mfanyakazi huwa na tajiri wake. Kamtafute." Raisa akazitia nguo zangu kwenye gunia la kabichi, na kwa kazi hiyo mgongo haukumuuma.

Sasa nakaa kwenye kibanda cha marehemu mama yangu, mwisho wa kijiji. Nina kuku sita, viazi, maharage na mahindi ya ugali wangu. Paa nimeliziba mwenyewe. Ninachotoa ardhini nakila, na Machi huwa hakitoshi.

Aprili ilipofika niliona gari la Domnica likipanda. Nilisimama kwenye ua na kitambaa changu cha kanisani. Akasimama, akashuka, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu ndani," nikamwambia. "Niulize."

Akasema hawezi. Kilichochaguliwa na mashine ni nyumba ya Pantelei. Anayehama nyumba ile anatoka kwenye orodha.

"Na nyumba hii?"

"Haikuchaguliwa, mama."

Kisha akauliza kama mtu wa kawaida, bila kishikwambi, naishije. Nikamwambia nalima.

"Unauza chochote?"

"Niuze nini?"

Akatazama viatu vyake. Hakuhitaji kusema.

"Basi hata ningechaguliwa nisingeandikwa kazini," nikasema.

"Hata ungechaguliwa, mama."

Akapanda gari akaenda juu kwa Pantelei. Kutoka kwenye viazi vyangu nawasikia kondoo jioni. Anayewakamua siku hizi ni mwanamume wa kijiji cha pili, amekalia kigoda changu, analipwa lei mia tatu, pesa za kwetu, kwa siku na jua likizama anakwenda kwao. Huyo siku akiulizwa, atasema analipwa, na hataulizwa habari ya jibini.