Begi yenye haijai

Leo nimekufa kwa sababu ya mawe.

Ni katika mchezo wa ordinateri, kompyuta, mutulie. Ule wa kuishi porini.

Begi yangu ilikuwa inajaa haraka. Mimi mwenye akili nikaweka modi, kaprogramu ka kubadilisha mchezo, ya kuipanua, isijae tena.

Nikaokota mawe elfu mbili.

Chui akanirukia. Nikatafuta dawa katikati ya mawe yangu. Chui hakuwa na muda wa kungoja.

Mama alikuwa nyuma yangu, anaangalia. Mama huyuhuyu asubuhi nilimulalamikia juu ya madumu tupu ya mawese, zile bidoni anazoweka chini ya kitanda changu.

"Mawe yote ile ilikuwa ya nini?"

"Siku moja itatumika, Mama."

Alitoka inje, akarudi na bidoni tano zingine.

Nani ako na modi ya kitanda?