Majani ya Sangailu

Siku Bare alipomwona Jelle kwa mara ya kwanza, alidhani amekuja na msiba. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, kikoi chake kimefifia, amesimama nje ya kibanda cha picha huku mkono wake mmoja umekandamiza mfuko wa shati kama anayezuia kitu kisitoroke. Wateja wa Bare pale Garissa huja na sura zao. Wanataka picha za kitambulisho, za fomu ya shule, za pasipoti. Huyu alitoa memori kadi iliyofungwa ndani ya kipande cha nailoni.

"Nichapishie hii, walaal, ndugu yangu. Kubwa."

Bare akaifungua kwenye kompyuta. Ilikuwa ardhi nyekundu, kichuguu kimoja, na kivuli cha wingu kikipita juu yake. Akaitafuta kona hadi kona.

"Mtu yuko wapi?"

"Hakuna mtu."

"Mifugo?"

"Hakuna."

"Sasa tunachapisha nini?"

"Hapo mahali," Jelle akasema, akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia.

Kwa kawaida Bare asingeuliza hata hayo. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto. Aliishia darasa la saba, akajifunza kazi ya picha kwa kutazama mikono ya wengine, na sasa, akikaribia miaka hamsini, bado bei za dukani alikuwa amezibandika ukutani ili asilazimike kuzitamka. Mteja akibishana, mkewe Khadijo ndiye aliyeitwa kutoka nyuma. Hata siku ya posa yake wengine walizungumza ndani, yeye yuko mlangoni akipanga viatu vya wageni. Lakini yule mtu wa ndoo hakumtazama usoni wala hakumharakisha. Walisubiri mashine pamoja, kimya, na Bare akaona kimya kile hakimchomi.

Jelle akawa anakuja kila Alhamisi, soko la mifugo likishamalizika. Huko sokoni kazi yake ilikuwa kupaka rangi migongoni mwa ng'ombe waliouzwa, ili mali ya huyu isichanganyike na ya yule. Zamani alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, upande wa Sangailu. Ujanani ukoo wao ulimtuma sahan, yaani kutangulia siku kadhaa mbele ya mifugo, kukagua malisho na maji, kisha kurudi na habari. Mtu wa sahan akisema pana majani, watu wanang'oa nyumba zao na kuhama. Hawamwulizi mara mbili.

Kisha ukaja ule ukame mkubwa, mvua zikakosa misimu mitano, na ng'ombe wakaisha. Jelle akaingia mjini na mbuzi mmoja. Siku moja akakutana na mpiga picha wa harusi aliyekuwa akiuza kamera yake ya zamani, akampa yule mbuzi, akachukua kamera. Soko zima lilicheka. Waliomtania walimwuliza inakamuliwa wapi.

"Ulikuwa umeshapanga kufanya kazi ya picha?" Bare alimwuliza siku moja.

"Sikuwa nimepanga kitu. Nilikuwa naamka asubuhi natafuta sababu ya kuvaa viatu." Akakuna kidevu. "Nilipokuwa na ng'ombe, ardhi niliitazama kama mtu anayeomba. Una nini leo? Utanipa nini? Sasa sina wa kumlisha. Naitazama tu. Siku nikiitazama hivyo, kesho yake naamka."

Picha ile ya kichuguu, ambayo Bare aliichapisha nakala ya pili kimyakimya, aliibandika ndani ya kabati la karatasi, mahali ambapo yeye peke yake angeiona.

Mwezi wa Mei, mwaka jana, mvua ilinyesha. Jelle akamwambia lori la kubeba ng'ombe linarudi tupu kuelekea Sangailu, na dereva ni mtu wake. Bare akafunga kibanda kwa siku tatu. Khadijo alimwangalia kama anayemwona mgeni, akamfungashia chai ya chupa.

Kule walikuta majani yamefika magotini. Maji yalikuwa yametuama kwenye bwawa la kuchimbwa, na migunga imevaa kijani mpaka kwenye ncha. Mvua ikawarudia, Bare akashika mwavuli juu ya kamera, yeye mwenyewe akalowa. Jelle hakupiga haraka. Alichutama, akasubiri, akapumua, ndipo akabonyeza mara moja.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona," Bare akasema. Akaanza kuongea. Alisema habari za marehemu baba yake, habari za uoga wake, mambo ambayo hakuwahi kumwambia Khadijo. Aliongea njia nzima ya kurudi, juu ya lori, kelele za injini zikimfunika. Hakuna siku nyingine maishani mwake aliyoongea hivyo.

Jua likarudi. Juni likakausha, Julai likachoma, na kufikia Septemba vumbi lilikuwa limeingia hadi ndani ya mashine ya kuchapisha. Wateja walikuja na nyuso za vumbi, habari zao zote zikiwa za mizoga. Alasiri moja Bare aliifungua ile picha ya majani, akaitazama kwa muda mrefu, akahisi kifua kinamfunguka. Akataka na wengine wahisi hivyo. Tena akataka wale waliomcheka Jelle waione kazi yake. Akaituma kwenye kundi dogo la wenye vibanda, akaandika chini yake: Jelle. Sangailu.

Maneno mawili tu. Hakuandika mwezi.

Picha ikatoka simu moja ikaingia nyingine, jina la aliyeituma likapotea njiani, yale maneno mawili yakabaki. Siku ya nne ikamfikia Yahye, mdogo wake Jelle, aliyekuwa karibu na Liboi na ng'ombe thelathini na wawili. Yahye hakuona picha nzuri. Aliona kaka yake ametangulia sahan, ameleta habari. Hakupiga simu kuuliza. Aling'oa nyumba usiku uleule.

Alitembea siku kumi na moja. Bwawa alilikuta limekauka, udongo umepasuka kama kisigino. Ng'ombe watano ndio waliobaki.

Kikao kilifanyika kwenye hoteli ya chai nyuma ya soko la mifugo. Wazee watatu walikaa mezani, Yahye akakaa mkabala na kaka yake, miguu yake bado imefungwa vitambaa. Bare alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Adeer, baba yangu mdogo, nauliza neno moja," Yahye akamwambia mzee Dubow, aliyeongoza kikao. "Tulimlea huyu awe macho yetu. Sasa anatutumia mapambo ya ukutani?"

Mmoja wa wazee akacheka, akajifanya anakohoa.

"Jelle," mzee Dubow akasema, "picha ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulituma wewe?"

Jelle akageuza uso polepole kuelekea mlangoni. Bare alikuwa na maneno yote tayari. Nilituma mimi. Ilikuwa ya Mei, nilikuwepo, nilishika mwavuli. Lakini watu wote walikuwa wanatazama upande wake. Akainamisha kichwa, akatazama glasi yake ya chai.

Jelle akawageukia wazee. "Picha ni yangu," akarudia.

Wakaamua aende na Yahye akachunge wale watano, na kuanzia siku ile habari ya Jelle kuhusu malisho isipokelewe na mtu yeyote wa ukoo. Alisikiliza yote akiwa ameshika magoti yake. Hakubisha.

Asubuhi yake Bare alimkuta nyuma ya lori, amekaa juu ya gunia, Yahye akiwa mbele na dereva. Hakuwa na kamera. Bare hakuthubutu kuuliza iko wapi.

"Nitaandika," Bare akasema. "Nitaandika kwenye simu zote kwamba nilituma mimi."

"Andika."

"Jana nilitaka kusema, walaal. Wallahi nilitaka."

Injini ikawaka. Jelle akajivuta mbele, akashika ubao wa lori ili asikike.

"Picha ile ilikuwa kweli siku ile. Tunaojua ni mimi na wewe, Bare, na mimi hawanisikii tena."