Mkono Pembeni mwa Video

Wiki iliyopita mdogo wangu wa mwisho alinipigia simu kutoka Mbale. Anaolewa hivi karibuni, na mchumba wake anataka wamwite mpiga video.

"Dada, wewe ulipigwa video. Tumwite au tuache?"

Nilimwambia mtandao ni mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki nilikuwa darasa la sita, nikaacha shule nikaange sambusa na kufulia watu nguo, wadogo zangu wasome. Tuliishi Namatala, hapohapo Mbale, chumba kimoja chenye pazia katikati. Jirani yetu alikuwa bibi mzee, Mnubi kama sisi, mjane wa askari. Nilipochumbiwa na fundi wa umeme wa Jinja, Bibi alisema kazi ya mama ataifanya yeye. Kwetu bibi harusi hufukizwa udi siku kadhaa, na mwanamke aliyemfukiza ndiye humfunika ushungi siku ya kutoka. Bibi alinifukiza siku saba. Moshi ulimkohoza yeye kuliko mimi.

Mchumba wangu alitaka video. "Dada zangu wote pale Kimaka wanazo," alisema. "Sisi watoto wetu wataangalia nini?"

Nilimjibu kwamba video ni majivuno, harusi ni dua. Akaniona mcha Mungu. Ukweli ni kwamba nilijua wapiga video huanzia wapi: nyumbani kwa bibi harusi, mlangoni, halafu chumbani anamovalia. Mlango wetu ulikuwa wa bati, na mbele yake ulipita mtaro wa maji machafu. Niliwaza dada zake wakikaa kwenye makochi yao, wakiuangalia mlango ule.

Nilikataa kwa majuma matatu. Nilikubali nilipopata njia. Kule Wanale kulikuwa na mama mmoja niliyekuwa nikimfulia, mwenye nyumba ya vigae na geti jeusi. Nilimwomba nivalie kwake. Wadogo zangu niliwaambia kule kuna nafasi. Bibi naye nilimwambia hivyohivyo, akasema, "Haya, mwanangu. Chetezo nitakibeba mwenyewe."

Asubuhi ya harusi alifika na chetezo chake cha udongo cha kufukizia udi, amejifunga kitambaa chake cha sherehe, kilichofifia kwa kufuliwa. Miguu ilikuwa na vumbi la njia. Mpiga video, kijana mchangamfu kutoka Jinja, aliipanga sebule, akainua kamera, akasema, "Mama wa bibi harusi aje amfunike ushungi."

Bibi akainuka.

Mpiga video akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Samahani, huyu mzee akae pembeni kidogo. Mama ni yule, sivyo?" Alikuwa akimwonyesha mwenye nyumba, aliyevaa gauni la kung'aa.

Wote walinisubiri. Neno moja lingetosha. Nilitazama vigae. Mwenye nyumba akacheka kidogo kwa aibu, akaja akanifunika. Hakujua ushungi unabanwa wapi, ukawa unateleza. Bibi aliweka chetezo chini.

Miezi michache baadaye alikuja Jinja kunitembelea. Kabla hata ya chai akasema, "Niwekee ile harusi. Nataka nijione." Alivaa kitambaa kilekile. Akakaa karibu sana na televisheni.

Geti jeusi likafunguka. Vigae vikaja, gauni la kung'aa likaja. Mume wangu, aliyeamini nyumba ile ni ya shangazi yangu, alimwambia, "Mama, hapo ni kwa shangazi yao." Bibi akaitika, "Eeh, naona." Hakunigeukia. Alinitunzia uongo wangu mbele ya mume wangu, nami nikakimbilia jikoni kuangalia chai ambayo ilikuwa imeshachemka.

Nikiwa jikoni nilimsikia akicheka. "Njoo! Njoo uone, simamisha hapo!"

Ushungi ulipokuwa ukiteleza, mkono mmoja ulikuwa umeingia kutoka pembeni, mweusi, wenye hina iliyokwajuka, ukabana pini mahali pake, ukatoka.

"Huo ni wangu," Bibi alisema kwa furaha. "Ona pini ilivyokaa. Haikutoka mpaka Jinja."

Usiku ule nilimwambia mume wangu kila kitu. Kwa Bibi sikuweza. Miaka ilipita, nikawa namtumia sukari na sabuni, na neno lenyewe la kuomba radhi sikulituma.

Baada ya ile simu nilikaa siku mbili, kisha nikaenda Mbale. Nilimkuta mdogo wangu na Bibi mlangoni Namatala, mlango uleule wa bati, wakichambua mchele.

"Aitwe," nilimwambia mdogo wangu. "Lakini aanzie hapa. Mlangoni."

Kisha nikapiga magoti mbele ya Bibi. "Bibi, siku ile nilikukana. Nilikuonea haya, na wewe ndiye uliyenifukiza. Nisamehe. Nakuomba umfunike huyu, mbele ya kamera."

Bibi alipepeta mchele, akatoa jiwe, akalitupa mtaroni.

"Safari hii wanachukua mkono tu," aliuliza, "au na uso?"

Mdogo wangu akacheka, akidhani ni mzaha wa kizee. Bibi mwenyewe alikuwa anatabasamu, akisubiri jibu.

"Na uso, Bibi," nilisema. Macho yangu yalikuwa bado kwenye mchele.