Keki ya Mama, Dirisha Langu

Mama yangu amekata keki za watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila palipokuwa na harusi kanisani kwetu Kalama, yeye ndiye aliyekaa nyuma ya hema na kisu, akigawa vipande vidogo kama sabuni ya gesti ili kila mtu apate. Yake hakuwahi kuwa nayo. Yeye na Baba walioana kwa mbuzi wa mahari, bila padri, wakatuzaa, wakatusomesha, na kila Jumapili wakati wa komunyo Mama alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akitazama viatu vya wanaopita. Baba si mtu wa kukimbilia mambo. Siku alipokubali hatimaye kwenda madhabahuni, niliwaambia ndugu zangu wasijisumbue, keki ni yangu.

Huwa naoka nyumbani Syokimau jioni nikitoka kazini, na nina kiburi kidogo juu ya kazi hiyo. Mama aliomba ile ya zamani, yenye sukari ngumu juu, ambayo hata ukiidondosha inalia tu kama kigae. Nikamwambia aniachie mimi. Nikatengeneza ya krimu, ghorofa mbili, nyeupe, na maua madogo ya zambarau. Najua krimu na jua la Ukambani havipatani, lakini gari lilikuwa na kiyoyozi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu mimi lilikuwa na magurudumu manne.

Jumamosi hiyo nilipita mji wa Machakos mapema, keki katika masanduku mawili kiti cha nyuma, nimezifunga mkanda kama watoto. Nilipoingia barabara ya udongo mwekundu nikateremsha dirisha kidogo, nisikie harufu ya nyumbani. Kando ya njia mama mmoja mzee alikuwa akipepeta mbaazi juu ya turubai. Aliniona, akasimama, akanipungia mkono huku akionyesha chini ya gari langu.

Sasa, ninakoishi kuna mchezo. Mtu hukuonyesha gurudumu na kukuambia unatoa moshi. Ukisimama, fundi wake hutokea kama aliyeitwa na malaika, na unaondoka umenunua kifaa kilekile ulichokuja nacho. Nimewahi kuliwa hivyo, na niliapa sitaliwa tena. Kwa hiyo nilibonyeza kitufe, dirisha likapanda mpaka juu, nikamtazama yule mama usoni ili ajue nimemjua, nikaongeza mwendo. Kwenye kioo nilimwona bado anaonyesha kidole.

Gari lilizima katikati ya mlima uliofuata. Moshi mweupe ulitoka chini ya boneti na kiyoyozi kikanyamaza. Nilifungua dirisha nipate hewa, nikapiga simu kwa kaka zangu wote. Hakuna iliyoingia, maana misa ilikuwa imeanza saa nne na padri wetu hana mchezo na simu. Niligusa sanduku kubwa. Lilikuwa bado baridi, lakini jua lilishaanza kulipata, na kanisa lilikuwa mbele yangu zaidi ya kilomita tatu. Niliogopa. Nilimwona Mama akisimama mbele ya meza tupu, akitabasamu na kusema haidhuru, jinsi anavyosema haidhuru kwa kila kitu alichokosa maishani.

Nilipogeuka nikamwona yule mama wa mbaazi anapanda mlima, taratibu, mtungi wa maji mkononi.

"Nilikuonyesha maji inamwagika, ukafunga dirisha," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nikajua hii mlima haitakubeba. Nikaleta maji."

Mimi, binti wa Kalama, nilimjibu asante kwa Kiswahili kama mgeni. Tuliacha injini ipoe, kisha akamimina maji kwenye rejeta, nayo yakatokea chini upesi kuliko yalivyoingia. Bomba lilikuwa limepasuka. Nilitazama maji yale yakinywewa na vumbi. Nimekulia huko na najua kisima cha mchanga mtoni kiko umbali gani na punda wa maji huamka saa ngapi. Nikamwambia aache, asimwage yote.

Akaacha. Akaniuliza kuna nini kwenye yale masanduku, maana mkono wangu haukuacha kuyagusa. Hapo Kikamba kikanirudia, nikamweleza yote, mbuzi, benchi, komunyo, krimu. Nilipendekeza tuite pikipiki. Akacheka kidogo na kusema pikipiki itafikisha uji.

Aligeukia bonde akapaza sauti mara moja tu. Baada ya muda mfupi mzee wake alitokea kati ya mimea ya mbaazi, na yule mama akamtuma beseni kubwa, sinia na gunia. Vilipoletwa, sanduku kubwa liliwekwa ndani ya beseni na kufunikwa kwa sinia. Kisha akalilowesha gunia kwa maji yaliyobaki mtungini na kulizungushia beseni lote. Hivyo ndivyo wanavyobeba maziwa mpaka sokoni yasiharibike, alisema. Maji yaliyoshindwa kusaidia gari yakawa ya keki. Akajitwika. Mimi nikachukua sanduku dogo, mzee akanivulia slipas zake nilipojaribu kutembea na viatu vyangu vya harusi, na tukamwacha hapo barabarani miguu mitupu.

Tulipita njia ya mkato, tukishuka matuta ya mashamba moja baada ya jingine. Mama yule alikuwa mkubwa kuliko Mama yangu, lakini shingo yake haikuyumba. Kila tuta nilikuwa nashuka nikiomba, na yeye alikuwa anashuka akiniuliza habari za mvua upande wa kwetu. Aibu ikanizidi, nikaanza kumweleza juu ya wale matapeli wa mjini, na kwa nini mtu hujifunza kufunga dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na walikudanganya mara ngapi?"

"Mara moja, mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba.

"Mara moja," alisema, akaendelea kutembea.

Tulifika watu wakitoka kanisani na kuingia chini ya mahema. Dada zangu walikuwa wameanza kunitafuta kwa hasira, wakaona slipas za kiume miguuni mwangu wakanipokea sanduku. Tulifungua beseni mezani huku nikisimulia safari yetu. Upande mmoja wa krimu ulikuwa umelegea na maua mawili yalikuwa yameteleza, lakini keki ilisimama. Mama aliitazama kwa muda mrefu, katika gauni lake jeupe na glavu zilizombana. Akasema imeinama upande kama Baba akitembea, basi ni yetu kabisa. Sijawahi kusifiwa hivyo na mteja yeyote.

Kwa desturi ya harusi zetu, maharusi wakishakata keki hupiga magoti na kuwalisha wazazi wao. Baba alimlisha dada yake mkubwa, aliyebaki peke yake katika wakubwa wa upande wake. Mshereheshaji akaita wazazi wa bibi harusi kwa mazoea, kisha akakumbuka umri wa bibi harusi, akashusha maikrofoni. Upande wa Mama wote wako makaburini. Mama alisimama na kipande cha keki kwenye kisahani, akitazama watu, na nikajua neno haidhuru liko njiani.

Halikuja. Alitazama nje ya hema, ambako yule mama alikuwa amekataa kiti na alikuwa akikamua gunia lake.

"Nileteeni yule," Mama alisema. "Yeye ndiye ametembea kwa ajili yangu leo."

Walimleta na mikono bado ina maji. Mama yangu, na magoti yake mabovu, alipiga magoti mbele ya mtu ambaye hakuwahi kumwona, akamlisha. Mama yule alitafuna polepole, akamshika Mama kichwani, akasema kwa sauti ndogo maneno ya baraka ambayo mimi sikuyapata yote. Nililia bila kujificha. Nilipotafuta kitambaa ndipo nilipokumbuka kwamba mkoba wangu uko kwenye kiti cha gari, pamoja na simu, na dirisha nililofungua nipate hewa nililiacha wazi mpaka chini.

Nilimfuata yule mama wa mbaazi nikamnong'oneza. Hakushtuka.

"Mzee yuko hapo," alisema, na akaomba kipande cha kumpelekea.

Jua lilikuwa limeinama kaka yangu alipotufikisha kwenye gari pamoja na fundi. Matawi mabichi yalikuwa yamewekwa mbele na nyuma ya gari, kuonya wanaopita. Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya mlango, miguu ileile mitupu, na shati lake lilikuwa limetandazwa juu ya dirisha langu, kingo zake zimebanwa kwa mlango. Yeye mwenyewe alikuwa na fulana tu. Mkoba ulikuwa palepale.

Nilimrudishia slipas na kumpa keki, nikaanza kuomba msamaha wa mambo yote kwa mpigo. Alinikatiza. Alikuwa na wasiwasi wake.

"Nilijaribu kukufungia hii dirisha yako," alisema. "Nimetafuta pahali ya kuzungusha, sijaona."