Mama Boru Sagala, Mpigie Togar

Mtu aliyekuwa ananinyonga kwa waya alisimamisha kazi katikati ili aniulize ukoo wa mama yangu.

Usicheke. Kovu ninalo shingoni, limenizunguka kama kola.

Naitwa Marolop Nadeak, Mbatak wa Indonesia, dereva wa teksi za mtandaoni hapa Medan. Gari langu la umeme linasikia maneno. Unataka baridi? Sema. Unataka kupiga simu? Sema. Ila uliite jina kwanza, na jina nililichagua mwenyewe: Mama Boru Sagala. Yaani binti wa ukoo wa Sagala.

Kijiweni kwetu, ambako dereva mwenzangu Togar ndiye mkubwa wetu, kuna sheria moja. Mwenzako akikupigia akiwa na abiria, usiseme halo. Kaa kimya, sikiliza kwanza.

Mchana ule niliwapakia wanaume wawili Lubuk Pakam, nikawaambia wenzangu njia ninayopita, kama kawaida yetu. Mwembamba mwenye meno ya dhahabu alikaa mbele. Jitu lenye mabega kama kabati likakaa nyuma yangu.

"Kaka, ukipiga chafya huko nyuma tutapinduka," nikalitania.

Halikucheka. Ningepaswa kushtuka palepale.

Katikati ya mashamba ya michikichi, waya wa breki ulipita mbele ya macho yangu ukatua kooni.

"Simamisha!"

Kabla sijakanyaga breki vizuri, yule wa mbele alinichoma kisu cha paja. Damu ikajaa kiatuni.

"Chukueni gari," nikakoroma.

"Gari tunachukua," akasema Meno ya Dhahabu. "Wewe unabaki mtaroni. Umeshatuona sura."

Basi. Hapo nikajua leo naliwa.

"Niacheni nimuage mama."

Waya ukalegea kidogo. Nikavuta pumzi zote nilizobakiwa nazo.

"Mama Boru Sagala!"

"Ndiyo, Marolop, nakusikiliza," ikaitika sauti laini ya kike.

Meno ya Dhahabu aliruka, kichwa kikagonga paa. "Nani huyo?"

"Mpigie Togar!"

"Sawa, nampigia Tog—"

Kitako cha kisu kikatua kwenye skrini. Pah! Pah! Vipande vikanirukia usoni, skrini ikawa nyeusi.

"Haya, mama yako kafa!" akasema, na kwa kunogesha akanipasua mdomo kwa ngumi.

Waya ukakazwa. Nikaona nyota mchana kweupe. Kisha ghafla, hewa.

"Subiri," likasema lile jitu. "Umesema Boru Sagala? Ndiye mama yako?"

"Ndiye."

"Sagala wa wapi?"

"Wa Samosir. Sianjur Mula-mula."

"Bah! Mimi Sagala!"

"Bonggas," akafoka Meno ya Dhahabu, "tumekuja kuiba au kuposa?"

"Nyamaza wewe, mambo ya Wabatak huyajui. Mama yake akiwa Sagala, mimi ni mjomba wake. Nitamnyongaje mpwa wangu?"

Kwetu ukoo ukishatajwa, mtu hujieleza mpaka mwisho. Bonggas akajieleza. Jina la baba, jina la babu, yeye ni kizazi cha kumi na saba. Mkono bado umeshika waya, sauti imejaa fahari kama yuko harusini.

Nikamchochea huku damu inachuruzika. "Mjomba, nikipona lazima nikuletee nguruwe wa heshima. Nimlete wapi?"

"Percut. Nyuma ya soko la samaki, nyumba ya bati la kijani."

"Umempa na anwani!" Meno ya Dhahabu akanirushia kisu cha shingo.

Bonggas akakidaka kwa kiganja. Kidole kikadondoka mapajani mwangu. Wakaanza kutwangana juu ya kichwa changu, na kiwiko cha mmojawao kikanivunja pua. Sijui cha nani. Vilikuwa vingi.

Ndipo honi zikalia. Magari mbele, magari nyuma. Togar akashuka na spana ya magurudumu, na kijiwe kizima nyuma yake.

Skrini ilikufa. Simu haikufa. Togar alikuwa amesikia yote, hadi rangi ya bati.

Meno ya Dhahabu aling'olewa mlangoni kama jino bovu, na ya kwake mawili yakabaki barabarani. Walipomshusha Bonggas, nikakikumbuka kile kidole, nikajitupa juu yake.

"Msimpige! Ni mjomba wangu!"

"Ndugu yangu, si ndiye aliyekunyonga?" Togar akauliza.

"Ndiye. Lakini ni mjomba. Mama ni Boru Sagala."

Togar akashusha spana, akanitazama kama mgonjwa.

"Marolop, mama yako alikuwa Boru Manik. Jeneza lake nililibeba mimi."

Kweli kabisa. Boru Sagala ni mama mkwe wangu, mzima wa afya. Nililipa gari jina lake ili walau Boru Sagala mmoja duniani atii ninachosema.

Bonggas, chini yangu, akauangalia mkono wake. "Kwa hiyo kidole changu kimekwenda bure?"



Jibu alikuwa nalo mama mkwe. Alikuja hospitalini, akasikiliza mkasa wote bila kupepesa macho. "Huyo ni kaka yangu wa ukoo," akasema. "Amemwaga damu kwa ajili yako. Nguruwe uliahidi, nguruwe utapeleka."

Nilimpeleka. Gerezani, kwa magongo, askari wananiangalia. Bonggas alikula kwa vidole tisa, akaniita mpwa.

Somo? Ukienda kuua mtu, usijitambulishe. Na gari lako lipe jina la mtu ambaye hata mwizi atamheshimu.

Mimi mwenyewe siku hizi nikitaka baridi, naanza na "tafadhali, mama".